Mende Hawapangi Mstari

Ninyi mnaoanza kazi ya kuchora majengo, mwalimu wenu atawapa kwanza kompyuta. Mimi ningewapa wembe. Wembe wa kawaida wa kunyolea ndevu, uliovunjwa katikati kwa urefu na kufungwa utepe upande mmoja ili usikukate. Kwa wembe huo tulifuta makosa. Tulichora kwa wino juu ya kalki, karatasi ile nyembamba inayopitisha mwanga, na wino ukishakauka juu yake hakuna raba inayoutoa. Unakwangua. Unaulaza wembe karibu ulale kabisa, unazuia pumzi, unga mweusi unatoka, unaupuliza. Kisha unasugua pale mahali kwa ukucha wa kidole gumba mpaka pawe laini tena. Ukipaacha na manyoya, wino wa pili utasambaa kama chai kwenye mkate.

Hatua hiyo ya ukucha ndiyo sisi vijana tulikuwa tunairuka.

Nina miaka arobaini na saba, na watu hushangaa nikijiita mstaafu. Jicho la kushoto lina ukungu, la kulia limechoka kufanya kazi ya mawili, na tangu kompyuta zifike hakuna anayemtafuta mtu wa wembe. Lakini hayo siyo yaliyoniachisha. Niliacha siku nilipomaliza kuchora nukta ishirini na sita katika ramani ya kiwanja kimoja cha Kapata, hapa Kolwezi, kilichotengwa kwa mnara wa kumbukumbu ya vita ambao haukujengwa. Mmenisikia mara nyingi nikisema nitawaeleza. Basi leo naeleza, na nitajaribu kutokimbia katikati, maana kukimbia ndiyo tabia yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Tata Kabamba, tata kwa maana ya baba. Alikuwa mpimaji wa viwanja wa kampuni ya madini, na mambo ya kampuni yalipoharibika alifungua ofisi ndogo ya ramani katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Kapata mnaijua, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kwa mstari, zote sura moja. Zamani mlevi aliweza kuingia nyumba isiyo yake, akala bukari, ugali wa mke asiye wake, akalala, na kosa likajulikana asubuhi. Mimi niliingia kwa Tata Kabamba nikiwa nimemaliza sekondari, mkono wangu mwepesi na kichwa kigumu. Ni yeye aliyenipa jina la Dezi, kipande cha neno la Kifaransa la mchora ramani. Alisema nitapewa neno zima nikishajua kazi yote. Hadi leo ninaitwa Dezi.

Alinifundisha mambo ambayo hayamo katika vitabu. Nawa mikono kwa majivu kabla ya kushika kalki, kwa sababu jasho la kiganja hukataa wino. Kata karatasi ngumu ya maketi, yaani jengo dogo la mfano, mara tatu kwa mkono mwepesi, usikate mara moja kwa nguvu. Miti ya maketi tengeneza kwa maua makavu ya nyasi za porini, siyo kwa sifongo, maana sifongo humfanya kila mtu aone jiko. Na gundi ya unga wa muhogo usiiamini. Hilo nililijua kwa aibu. Nilijenga kanisa la parokia kwa gundi hiyo, likakaa vizuri juu ya meza, na padri alipokuja kuliona tulikuta panya wamekula ukuta wa kaskazini na mnara wote wa kengele. Padri aliinama akachungulia ndani. Akasema hata la kweli linaliwa hivyo hivyo, ila polepole.

Sasa mende. Makabati ya ramani yalijaa mende. Walipenda giza, walipenda gundi ya pembeni mwa karatasi, na walipopita waliacha vinukta vyeusi, vidogo, vikavu. Nakala tulizipiga kwa mashine ya amonia, ile iliyokuwa ikitutoa machozi kama msiba, na mashine haibagui. Kilichoko juu ya kalki kinatoka kwenye nakala, uwe mstari wa ukuta au uchafu wa mdudu. Kwa hiyo kabla ya kupiga nakala tulisafisha. Kinukta kikiwa laini unakifuta kwa kitambaa, kikiwa kimeshika unakikwangua. Nilikuwa bingwa wa kusafisha. Tata Kabamba mwenyewe alisema kalki ikitoka mikononi mwangu unaweza kuifungia mkate.

Wiki moja malaria ilimlaza, na kazi ikaja kutoka ofisi ya mji. Walitaka nakala ya ramani ya Kapata, mpaka kiwanja kilichoko kati ya nyumba za mwisho na reli. Kalki yenyewe ilikuwa ya zamani. Tata aliichora akiwa kijana, mwaka uliofuata wakati wa masasi. Watu wa umri wa wazazi wangu hawaviiti vita vile kwa jina, husema tu wakati wa masasi, yaani wa risasi, kisha hubadilisha mazungumzo. Niliitandaza mezani nikaona imejaa vinukta. Vingine juu ya barabara, vingine juu ya mapaa, na pale kiwanjani vingi zaidi. Hakukuwa na maelezo pembeni yanayosema vinukta hivyo ni nini. Nikachukua wembe.

Nilikwangua asubuhi yote. Nilipomaliza, kiwanja kilikuwa cheupe kiasi kwamba ramani ilionekana imepungukiwa. Kwa hiyo nikachukua kibao cha herufi na kuandika katikati, kwa herufi kubwa nzuri: TERRAIN VIDE. Kiwanja kitupu. Nilifikiri nimeipamba. Ila herufi V iliharibika kidogo, wino ukasambaa pembeni. Nikailaumu kalamu.

Watu wa ofisi ya mji walisifu. Tata Kabamba alipopona, akaiona kalki imerudi kabatini, akaitoa, akaivuta hadi dirishani. Kisha akaweka kidole juu ya ile V.

“Hii ilikunywa wino juu ya nini?”

Nikasema kalamu ilikuwa mbaya.

“Dezi, hapa ulikuta nini?”

“Mavi ya mende, Tata.”

Hakunigombeza. Alitazama uani, ambako mkewe alikuwa akipepeta unga, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, “Mende inapangaka mustari?”

Ni hilo tu. Akaikunja kalki, akaiweka ndani ya bomba la plastiki la maji, akaziba ncha mbili kwa matambara, na hakuirudisha kabatini tena. Mimi nilielewa kwamba nimekosea na sikuelewa nimekosea nini. Ningeweza kuuliza. Kijana anayesifiwa kwa usafi haulizi kuhusu uchafu. Muulizeni mwalimu wenu siku hiyo hiyo, wakati swali lingali na joto. Likipoa linakuwa zito kulibeba.

Miaka ikapita na mimi nikapita nayo. Sijawahi kukaa mahali nikaota mizizi. Nilichora Likasi, nilichora Fungurume, nilipanda mabehewa ya mizigo nikiwa na rula yangu ya T mgongoni watu wakidhani ni msalaba. Tenke nilimchorea mfanyabiashara mmoja nyumba ya chini tu, na akadai ngazi kubwa sebuleni. Nikamwambia hakuna ghorofa. Akasema anajua, lakini mgeni akiona ngazi atakuwa na heshima. Ngazi ilijengwa, inaishia kwenye dari, na nasikia leo wanaanika maharagwe juu yake. Nilikuwa ninacheka sana miaka ile. Kila mji niliokuwamo niliutamani ule niliotoka.

Lubudi ndiko nilikomkuta tena Tata Kabamba. Alikuwa amerudi kwao kulima, macho yamemwisha yote mawili, mikono inatetemeka mpaka kikombe kinagonga meno. Alinitambua kwa hatua. Tulikula, tukaongea mambo ya mahindi, kisha akamwambia mjukuu wake wa kike alete bomba. Lilikuwa lile lile, na matambara yale yale.

Aliniambia pale kila kitu nilichopaswa kuuliza zamani. Wakati wa masasi, mapigano yalipotulia kidogo, yeye na wenzake watatu waliokota maiti za majirani katika barabara za Kapata. Makaburini hakukuendeka. Wakazika nyuma ya nyumba za mwisho, mistari mitatu, watu wanane, saba na saba. Siku mbili baadaye walimpata mmoja zaidi, Kalenga, dereva wa treni ya madini, aliyekuwa ametoka kutafuta unga. Wakamzika peke yake, upande wa reli, kwa sababu mistari ilikuwa imeshafungwa na wao walikuwa wamechoka. Mwaka uliofuata kampuni ilipomtuma kupima kiwanja, vilima vya udongo vilikuwa vimeshaanza kulala kwa mvua. Akaweka nukta kwa kila mmoja. Maelezo hakuandika, kwa sababu siku zile mtu angeulizwa amezika nani na kwa ruhusa ya nani.

“Niliifanya mudogo mudogo,” alisema, “basiione. Na kweli, wewe haukuiona.”

Nikamwambia nimefuta, sina namna ya kurudisha.

“Ulifuta na mukono yako. Mukono yako itajua. Beba, iko yako sasa.”

Nilibeba. Na hapa ndipo aibu yangu ya kweli ilipo, siyo kule kwenye wembe. Kule nilikuwa mjinga. Baada ya Lubudi nilikuwa mjuzi, na bado nilizunguka na lile bomba miaka mingine kumi na zaidi bila kulifungua. Nililiweka chini ya vitanda vya kukodi, nililisahau kwenye behewa mara moja nikalikimbilia. Nilisema nitarudi Kolwezi msimu wa kiangazi. Viangazi vilikuja. Tata Kabamba alikufa nikiwa Dilolo, na habari ilinifikia mazishi yakiwa yameshapita.

Niliporudi Kolwezi hatimaye, nilikodi chumba Kapata, na jirani yangu alikuwa Mama Feli, mjane wa yule Kalenga. Mzee, mwembamba, muuza lengalenga, mchicha wetu, mbele ya nyumba yake, mwenye ulimi wa wembe mpya. Aliniona na bomba langu akaniuliza kama nimekuja kuweka maji, maana mtaa mzima unasubiri. Kila Jumamosi alichukua ufagio, akavuka hadi kiwanjani, akafagia upande wa reli. Wakati wa masasi alikuwa amekimbia na watoto. Aliporudi alioneshwa kwa mkono tu, kule, upande ule. Hakujua ni wapi hasa. Kwa hiyo alifagia eneo kubwa kama ukumbi. Vijana wanaocheza mpira walimpisha wakicheka. Wengi wao ni wachimbaji waliotoka mbali, hawajui ni nini kilichotokea hapa, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Siku moja alinisimulia kwamba alikwenda ofisi ya mji kueleza kuwa kiwanja kile kina watu. Karani alikuwa mpole. Alifungua ramani, akamgeuzia, akamwonesha kwa kalamu. Kiwanja kitupu, Mama. Imeandikwa.

“Nikamwambia, karatasi yako haikukuwako,” alisema Mama Feli. “Akaniambia, na wewe haukukuwako. Na ilikuwa kweli.”

Nilinunua lengalenga nisiyoihitaji nikaingia ndani.

Kisha likatangazwa shindano. Mji ulitaka mnara wa kumbukumbu kwa wote waliokufa katika vita, vyote, na wachora majengo walialikwa kuleta michoro na maketi bila majina, kila mmoja kwa namba ya siri. Trésor, mchora majengo kijana kutoka Lubumbashi, mtu mwenye adabu aliyevaa viatu vyeupe katika vumbi letu, alinitafuta nimtengenezee maketi. Kompyuta alikuwa nayo, mkono hakuwa nao. Akanipa karatasi za shindano. Ramani ya kiwanja ilikuwa ukurasa wa tatu. Sikuhitaji kusoma. V ilikuwa imevimba pembeni.

Ningeweza kumwambia saa ile. Nilijiambia maneno mengi badala yake. Nilijiambia, wanajenga kumbukumbu, na waliomo ndio wanaokumbukwa, basi kuna ubaya gani? Wewe kaa kimya, wao wapate mnara. Trésor alikuwa amebuni mnara wa mabamba ya shaba, mrefu, uliopinda kidogo juu kama mtu anayesikiliza. Ulikuwa mzuri. Hilo nalisema hata leo. Nilitengeneza mabamba kwa nyaya za zamani nilizozipiga bapa, nikayachoma kidogo yapate rangi ya moshi. Maua ya nyasi yakawa miti. Siku ya kutoboa msingi nilishika keekee, nikatafuta katikati ya kiwanja, na Trésor akaniambia niende hadi chini kabisa, kwa sababu kwenye ardhi yenyewe shimo litakwenda mita nne. Nikatoboa. Unga wa mbao ulitoka mweupe. Mkono wangu ulijua ninatoboa wapi.

Tulishinda. Michoro yote mitano ilioneshwa katika ukumbi, na msinielewe vibaya, mingine ilikuwa ya kuchekesha. Mmoja alileta chemchemi ya maji, katika mji ambao akina mama hulala na ndoo mlangoni. Mwingine alileta moto usiozimika, wa umeme. Watu walisimama mbele yake wakauliza kama utakuwa na jenereta yake.

Mama Feli alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Alipita mbele ya maketi zote kwa utaratibu, mikono nyuma, kama anayechagua nyanya. Akafika kwenye yetu. Akainama mpaka pua ikakaribia reli ndogo niliyoitengeneza kwa njiti. Trésor, kwa heshima, alimweleza mnara una urefu gani, ngazi ziko wapi, majina yataandikwa wapi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniangalia mimi, siyo yeye.

“Dezi, ni wewe ulitengeneza hii?”

“Ndiyo, Mama.”

“Sasa humu ndani, bwana yangu eko wapi?”

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyeoneshwa nyumba na anataka kujua kitanda kitakaa chumba gani. Nami nilikuwa na maneno ya kumjibu, yalikuwa yamekaa mdomoni tangu Lubudi. Nilisema, mbele ya watu, kwamba Kalenga yuko upande wa reli, na wengine ishirini na wawili wako katikati, mistari mitatu, na mimi ndiye niliyewafuta. Trésor alinishika mkono. Aliniambia polepole, “Papa Dezi, nyamaza kwanza. Tulishinda.” Nikamwambia tumeshinda juu ya watu.

Mama Feli alitoka nje akakaa kwenye ngazi.

Nilileta bomba. Tulitandaza kalki juu ya meza ndefu ya ukumbi, karibu na dirisha, na Trésor alikuwa amekunja uso kwa sababu karatasi ilikuwa nyeupe kama nilivyoiacha. Sasa shikeni hili, kwa sababu ndilo jambo la pekee la ufundi nililobaki nalo. Nilichukua penseli laini nikaikwangua kwa wembe mpaka nikapata unga. Nikachovya pamba, nikaikung'uta, nikaipitisha juu ya kalki kwa wepesi kama unavyompaka mtoto poda. Mahali palipo laini unga hauwezi kushika. Mahali palipokwanguliwa, kama hapakusuguliwa kwa ukucha, pana manyoya, na manyoya hushika. Mimi nilikuwa kijana mvivu. Sikusugua hata kimoja.

Zilitoka. Kwanza tatu, kisha mstari mzima wa nane. Trésor alihesabu kwa sauti, nukta kwa nukta. Nane, saba, saba. Herufi zangu kubwa zilikuwa zimelala juu yao kama mzigo, na ile V ilikuwa imekunywa wino juu ya kifua cha mtu. Tundu la msingi nililotoboa kwenye maketi lilikuwa linaangukia katika mstari wa kwanza.

Mama Feli alikuwa ameingia tena na kusimama nyuma yetu. “Na huku ku reli?” aliuliza.

Nikapeleka pamba upande wa reli. Ilitoka nukta. Nikapitisha tena, ikatoka ya pili, mbali kidogo. Na ya tatu. Na ya nne karibu na ukingo.

Mnakumbuka vinukta vilikuwa ramani nzima. Vilivyotoka barabarani na juu ya mapaa vilikuwa vya mende, hilo lilikuwa wazi. Mistari mitatu ilikuwa ya watu, na hilo pia lilikuwa wazi. Lakini mtu aliyezikwa peke yake hana mstari. Nukta moja kati ya zile nne ilikuwa ya Kalenga. Tatu zilikuwa uchafu wa mdudu, na wembe wangu ulizikwangua zote kwa mkono mmoja, kwa uangalifu ule ule. Nilizitazama kwa jicho zima na kwa jicho bovu. Aliyeweka ile ya kweli alikuwa ameshazikwa Lubudi. Ilinibidi nigeuke nimwambie, na nilimwambia hivyo hivyo, kwamba moja ni mume wake na tatu ni mavi ya mende, na sijui ni ipi.

Trésor ndiye aliyepata wazo kwanza, kijana mwema, akitaka kusaidia. Alisema wachimbaji wako kila mahali hapa, wanne wanatosha, nusu siku tu, watafungua pale penye nukta nne na tutajua.

“Hapana,” alisema Mama Feli. “Mu huu muji banachimba njia, banachimba nyumba, banachimba mpaka chini ya kitanda ya mutu. Hapa basichimbe.” Alivuta kitenge chake vizuri. “Muweke libwe kwa zote ine.”

Nikamwambia, Mama, mawe matatu yatakuwa juu ya kitu bure.

“Miaka yote nilikuwa nafagia kiwanja muzima juu yake. Ine ni kidogo.”

Akatupita, akaenda nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo hajawahi kunigombeza, wala hajaniita mwanangu kama alivyokuwa akiniita. Ananiuzia lengalenga kama anavyowauzia wengine.

Mnara haukujengwa. Trésor mwenyewe aliandika barua kuuondoa, na alipoteza mengi kwa hilo. Leo yuko Lubumbashi anachora maduka. Wako watu wanaosema kwamba Dezi aliunyima mji mnara wa shaba, na wamesema kweli. Kilichofanyika ni kidogo: ukuta wa kufika magotini, na mawe. Tulipima mimi na Trésor kwa utepe, kutoka kona ya nyumba ya mwisho na kutoka kwenye reli, vipimo viwili kwa kila nukta, na tukarudia kila kipimo. Kisha nilikaa na kalki ile ile nikarudisha nukta kwa wino, ishirini na mbili na nne. Safari hii nilisugua kila mahali kwa ukucha kabla ya kuweka kalamu. Pembeni niliandika maelezo, kwa sababu ramani isiyo na maelezo ni siri, na siri ikimkuta kijana mwenye wembe inakufa. Mbele ya zile nne niliandika kwamba moja ni Kalenga, dereva wa treni, na zilizobaki ni kosa la mchoraji. Nikaweka jina langu lote, siyo Dezi. Nikafunga kalamu na sijaifungua tena.

Bado nazunguka. Mwezi uliopita nilikuwa Tenke, kisha nikatamani Kolwezi, nikarudi. Nilipita kiwanjani Jumamosi mchana. Vijana wamehamisha magoli yao upande wa pili bila kuambiwa. Mama Feli alikuwa amekwisha ondoka, lakini mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi mavumbini, imezunguka mawe yote manne, hakuna lililofagiwa kuliko jingine.

Mkipita pale, msimuulize ni lipi.